Kutoka Tabora Hadi Kirando kwa Miguu na Kasia, Peke Yako

Msomaji wa Tabora ameniandikia, nami nimeifupisha barua yake kidogo: "Nina miaka thelathini na minne. Kwetu ni Kirando, wilaya ya Nkasi, lakini nimefanya kazi Tabora muda mrefu. Mkataba wangu unaisha Juni. Nataka kurudi nyumbani bila kupanda chombo chochote cha moto: nitembee hadi Kigoma, ninunue mtumbwi, nipige kasia peke yangu mpaka kwa mama. Nimekulia ziwani na naogelea vizuri. Wenzangu wanasema nina wazimu. Je, inawezekana? Niondoke lini, nijiandae vipi? Na je, naweza kufupisha kwa kuingia Mto Malagarasi na mtumbwi badala ya kutembea njia yote?"

Ndugu yangu, inawezekana, na wazimu huna. Reli ya Tabora hadi Kigoma ina kilomita zipatazo 400. Kutoka Kigoma hadi Kirando ni zaidi ya kilomita 300 hata ukipima kwa mstari ulionyooka. Ukifuata mikunjo ya ufuko, na itakubidi uifuate, hesabu karibu 400 nyingine. Mtu wa umri wako mwenye afya anaumaliza umbali huo akipewa muda. Miguu yako na mikono yako hainitii hofu. Kinachonitia hofu ni kwamba unakwenda kwenu.

Anayetoka kwao akikuta ziwa limechafuka hukaa akangoja, au akageuza, na hajioni kuwa amepoteza kitu. Anayerudi kwao huiona kila siku ya kungoja kuwa ni siku aliyonyang'anywa. Hapo ndipo anapoanza kukata ghuba badala ya kuizunguka, kuingia majini saa tano badala ya kulala mpaka kesho, kutembea usiku ili aokoe siku moja. Nimefundisha usalama wa majini kwenye mialo ya Kigoma, wanakotua wavuvi, kwa muda mrefu, na nasema kwa uhakika: watu wazima waliozaliwa ziwani hawaponzwi na kutojua kuogelea, wanaponzwa na haraka ya kufika. Karibu kila ninachokushauri hapa kinalenga kukupunguzia haraka hiyo kabla hujaondoka, kwa sababu ukiwa njiani hutamsikiliza mtu.

Tuanze na lini. Mkataba unaisha Juni, na najua moyo wako umeshafunga mizigo. Usiondoke Juni. Kwa mtembeaji Juni na Julai ni miezi mizuri sana: baridi kidogo asubuhi, njia kavu, nyasi zimeanza kulala. Lakini ukiondoka Juni utafika Kigoma Julai, na kuanzia Mei hadi Septemba ziwa liko mikononi mwa upepo wa kusi. Wewe unakwenda kusini. Utaukabili usoni kila siku, wiki baada ya wiki, katika miezi ambayo una nguvu kuliko wakati wowote wa mwaka. Kuna jambo jingine pia. Mwaka 2024 serikali ilisitisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Ulizia ofisi ya uvuvi kama mwaka wako kutakuwa na zuio la namna hiyo. Ziwa likifungwa, mialo mingi hubaki kimya na usiku hakuna taa za wavuvi. Wale ambao ndio waokoaji wako hawapo, na mtu mmoja ndani ya mtumbwi atasimamishwa kila mahali aeleze anafanya nini majini.

Ondoka Tabora wiki ya kwanza ya Agosti. Tembea polepole, ufike Kigoma mwanzoni mwa Septemba. Kaa pale wiki mbili kwa ajili ya mtumbwi na mazoezi. Ingia majini kuelekea mwisho wa Septemba, upepo wa kusi unapolegea, na utakuwa Kirando mwishoni mwa Oktoba au siku za kwanza za Novemba. Mvua za Kigoma huanza mapema kuliko za Rukwa, kwa hiyo kadiri unavyoteremka kusini unazikimbia. Dirisha ni jembamba, siwezi kukuficha. Agosti porini kuna moshi na maji yamepungua, Oktoba joto la ufukoni ni kali. Lakini sijui ratiba nyingine inayoridhisha nchi kavu na ziwa kwa pamoja.

Wanyamwezi walilijua hili kabla ya reli. Wapagazi wao waliondoka kwenda pwani kiangazi na kupanga warudi kulima mvua zikianza. Wageni hawakuwa na subira hiyo. Waingereza Burton na Speke, wakiongozana na msaidizi wao Sidi Mubarak Bombay, walitoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Desemba 1857 na kufika ziwani Februari 1858, katikati ya mvua. Walipofika Burton alikuwa hawezi kutembea, na Speke macho yalikuwa yameugua kiasi kwamba ziwa lenyewe hakuliona sawasawa. Njia ilikuwa hii hii unayotaka kuipita.

Kuhusu Malagarasi jibu langu ni hapana, na naomba usilijadili na mtu mwingine atakayekutia moyo. Sehemu ya juu ya mto ni kinamasi kikubwa, matete na mafunjo kwa kilomita nyingi, mikondo inayogawanyika na kupotea, viboko na mamba, na hakuna pa kulala pakavu. Chini ya Uvinza mto unabadilika, unaingia kwenye miamba na maji ya kasi mpaka maporomoko ya Igamba, kule walikopaona panafaa kwa umeme wa maji. Na ukivuka yote hayo unamwagwa kwenye delta yenye mamba. Mto huo uuvuke darajani, uuage.

Sasa kutembea. Njia yako inafuata vituo vya reli: Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Malagarasi, Uvinza, Kazuramimba, kisha Kigoma. Usitembee juu ya tuta la reli, ni marufuku na treni haiwezi kukusubiri. Fuata barabara na njia za vijiji, na penye magari tembea upande wa kulia ili uyaone yanayokujia. Kilomita 20 kwa siku zinatosha, na kila siku ya sita pumzika. Misafara ya zamani iliamka kabla ya jua na kufika kambini kabla ya adhuhuri. Nakushauri ufanye hivyo hivyo: ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kunapopambazuka, saa tano uwe umefika. Faida yake si kukwepa jua tu. Anayefika kijijini saa tano mchana ni mgeni. Anayefika saa mbili usiku ni mtu wa kutiliwa shaka. Unyamwezi na Usukuma wana sungusungu tangu miaka ya 1980, na vijana wale hawana sababu ya kukuamini ukiwatokea gizani na mkoba mgongoni.

Ukifika, nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, kabla ya kuomba maji, kabla ya kukaa kivulini. Amkia wazee, taja jina lako, kwenu, utokako na uendako, onyesha kitambulisho chako cha taifa na barua. Barua hiyo uiombe kwa mtendaji wa kata yako hapo Tabora: picha yako, mhuri, na maelezo kwamba unasafiri kwa miguu kwa hiari yako kurudi kwenu. Piga nakala kadhaa, moja uifunge kwenye nailoni. Usiidharau karatasi hiyo. Kigoma ni mkoa wa mpakani uliopokea wakimbizi wa Burundi na Congo kwa miongo mingi, na mtu anayetembea peke yake bila mzigo wa biashara ataulizwa uraia wake mara nyingi. Jibu kwa upole kila mara, hata ukiulizwa mara ya tatu siku hiyo hiyo. Anayekuuliza hajui kwamba mwenzake ameshakuuliza.

Kati ya Kaliua na Nguruka ndiko kipande kigumu. Miombo mirefu, vijiji vimeachana, vijito vingi Agosti vimekauka. Usipite mahali penye maji bila kujaza, beba lita nne, na ulizia umbali wa maji yanayofuata kwa wafugaji na wapanda baiskeli wa mkaa, siyo kwa madereva. Dereva hajui kijito kimekauka. Hiyo pia ni nchi ya asali. Ukiona mizinga juu ya miti pita mbali na bila kelele, na moshi wa kambi yako usiuelekeze huko. Halafu kuna ndorobo, yaani mbung'o wanaoambukiza malale. Wanafuata kinachotembea na wanapenda nguo nyeusi na za bluu, kwa hiyo vaa rangi ya udongo, mikono mirefu. Malale hayajaisha katika pori la Urambo na Kigoma. Mwishoni nitarudi kwenye hilo.

Mzigo usizidi kilo 13. Wapagazi walibeba zaidi ya kilo 30, lakini walikuwa wengi na waliozoea tangu utotoni. Unga, dagaa, karanga na chumvi utavipata njiani, huna haja ya kubeba zaidi ya siku mbili. Viatu vivae mwezi mzima kabla ya safari. Wapo wanaotembea umbali mrefu kwa katambuga, ndala za tairi, na hawajutii. Mimi ningebeba katambuga kwa jioni na viatu vya kufunika kwa mchana, kwa sababu ya miiba. Ukihisi mahali panachoma kwenye unyayo simama hapo hapo ufunge plasta, usingoje lengelenge.

Ukifika Kigoma usinunue mtumbwi siku ya kwanza. Utakuwa umechoka na una furaha, na muuzaji ataliona hilo usoni mwako. Lala, kula migebuka, tembea Kibirizi na Ujiji ukiangalia vyombo vikiingia asubuhi. Unachotafuta ni mtumbwi wa mbao wa mita nne hadi tano, mpana kiasi ukisimama katikati hautikisiki sana, uliokwisha kutumika angalau msimu mmoja ili nyufa zake zijulikane. Uache majini usiku kucha, uende asubuhi kuona umeingiza maji kiasi gani. Kisha funga madumu matupu ya lita 20, yenye vifuniko visivyovuja, mbele na nyuma chini ya mbao za kukalia, uyafunge kwa kamba ngumu. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji haufiki chini kabisa, lakini unalala usawa wa maji na huwezi kuukumba maji peke yako. Wenye madumu unabaki juu vya kutosha kukuwezesha kuingia na kuanza kukumba. Hicho ndicho kitu cha bei nafuu kinachotenganisha mtu mmoja aliyepinduka na mtu mmoja aliyezama.

Na upinduke kwa makusudi. Wiki ya pili, pale Kigoma, maji yakiwa yametulia na mtu yuko ufukoni anakuangalia, pindua mtumbwi ukiwa na mzigo wako wote umefungwa. Ugeuze, ingia, kumba maji, tafuta kasia lako. Rudia mpaka ufanye bila kufikiri, kisha urudie siku yenye mawimbi madogo. Unasema unaogelea vizuri, na nakuamini, lakini kuogelea siyo ustadi unaohitaji. Aliye peke yake anahitaji kurudi chomboni. Jaketi okozi ulivae muda wote ukiwa juu ya maji. Kulitupia miguuni hakusaidii, maana mtu anayepinduka hana muda wa kuvaa. Kasia la pili lifungwe ndani, kopo la kukumbia maji lifungwe kwa kamba, simu na karatasi ziwe ndani ya mfuko usioingia maji kifuani pako.

Watu hupenda kutaja kina cha Tanganyika, mita 1,470, wakiogofya wageni. Wewe kina hakikuhusu. Kinachokuhusu ni urefu. Ziwa lina kilomita zipatazo 670 kutoka kaskazini hadi kusini na upana wa wastani kama kilomita 50, limebanwa na kuta za Bonde la Ufa. Upepo wa kusi ukiingia kwenye ncha ya Zambia na kufuata urefu huo, hausimamishwi na kitu, na kila kilomita inayoongezeka mawimbi yanakua. Ndiyo maana mawimbi yanaweza kukufikia mahali ambapo upepo wenyewe ni mdogo: yalizaliwa mbali. Ukiona uvimbe wa maji unakuja kutoka kusini na hewa imetulia, usifurahie utulivu huo, upepo wake uko njiani.

Upepo wa pili unaua kimya kimya. Usiku na alfajiri hewa ya baridi inateremka kutoka milimani kwenda ziwani. Karibu na ufuko utaona maji yamelala, kwa sababu milima inakukinga. Mita mia tatu nje tayari yana vishimo, na kilomita moja nje hutaweza kurudi kwa kasia, maana unasukumwa kuelekea Congo. Kwa hiyo kaa ndani ya umbali ambao unaweza kuogelea hadi nchi kavu huku umeshika mtumbwi. Na ghuba uzizunguke. Utafika kwenye ghuba uione rasi ya ng'ambo waziwazi, ufikiri kwamba saa mbili zinatosha kukata. Kila mtu anayekwenda kwao hufikiri hivyo. Zunguka, hata kama inakula siku nzima.

Saa zako za majini ni kuanzia mwanga wa kwanza hadi saa nne asubuhi, saa tano ukiwa kwenye maji mazuri na mwalo uko mbele ya macho yako. Mchana upepo wa ziwani unapanda, na hata ukitulia jioni usirudi majini. Kwa mpango huo utapata kilomita 15 hadi 18 siku nzuri. Panga pia siku zisizopungua kumi za kukaa ufukoni bila kufanya kitu. Kuanzia Oktoba ngurumo ya kwanza unayoisikia, hata ya mbali, ndiyo amri ya kutoka majini.

Lala kwenye mialo, siyo kwenye fukwe tupu hata zikiwa nzuri kiasi gani. Jitambulishe kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi mwaloni, kama ulivyojitambulisha kwa wenyeviti vijijini. Mwaloni kuna watu wanaojua maji ya kesho, kuna moto, na kuna atakayeona kwamba hukuamka. Majambazi wa ziwani wapo, lakini wengi wanafuata injini na nyavu. Mtu wa kasia aliyelala kati ya wavuvi hana cha kuwavutia. Fuata pia mwezi. Wakati wa giza wavuvi wa dagaa wako nje na taa zao, wanarudi asubuhi wakati wewe unaondoka, na kila chombo unachokutana nacho ni mtu wa kumuuliza hali ya mbele. Mbalamwezi wanapumzika na kushona nyavu. Hizo ndizo siku za kukaa nao na kuchora ramani ya ufuko unaofuata, mwamba kwa mwamba, kwa maneno yao. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa maziwa, usikilize kila unapopata mtandao, lakini mvuvi wa Herembe anajua kona ya Herembe.

Kwenye delta ya Malagarasi, upande wa Ilagala, na kila mdomo wa mto, toka nje kidogo zaidi ya kawaida, pita katikati ya asubuhi ukiwa unaona vizuri, na usioge wala kuchota maji pale. Viboko wanazama wakikusikia ghafla na kuibuka popote. Gonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia taratibu unapokaribia matete ili wajue uliko na watokeze vichwa. Usifunge hema kwenye njia ya nyasi iliyokanyagwa inayotoka majini, usiku ina wenyewe.

Sasa Mahale, ambako ndiko moyo wa swali lako ulipo ingawa hukuitaja. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale ilianzishwa 1985, ina kilomita za mraba 1,613, haina barabara za magari, na mlima Nkungwe unapanda mpaka mita 2,462 karibu na maji. Mpaka wa hifadhi hauishii ufukoni. Unachukua ukanda wa ziwa wa kilomita 1.6. Maana yake huwezi kupita karibu na ufuko bila kibali, na huwezi kulala popote unapotaka. Ukisema utapita nje ya ukanda huo utakuwa umejiweka kilomita na nusu kutoka nchi kavu, chini ya milima inayoshusha upepo wa usiku, kwa siku kadhaa, bila pa kutua. Usifanye hivyo kabisa. Ukiwa bado Kigoma, nenda ukaonane na watu wa hifadhi, waeleze safari yako, uulize masharti, ada na kama askari anaweza kukupangia pa kulala. Wakikubali, pita kwa masharti yao. Wakikataa, panda boti ya abiria kutoka Mgambo, kaskazini mwa hifadhi, hadi Kalya, kusini mwake, mtumbwi wako ukiwa juu yake, kisha uendelee.

Najua hapo umekunja uso. Umesema bila chombo cha moto. Nikueleze habari za mtu aliyejiwekea sharti kali kuliko lako. Karl Bushby, askari wa zamani wa Uingereza, alianza kutembea Novemba 1998 kutoka Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile, akielekea kwao Hull. Sharti lake ni kwamba hatatumia chombo kusonga mbele, na hatarudi nyumbani mpaka afike kwa miguu yake. Mwaka 2006 alivuka mlango-bahari wa Bering juu ya barafu inayoelea, akiwa na mwenzake. Mwaka 2024 aliogelea Bahari ya Caspian kwa siku 31 ili asipite Urusi wala Iran. Lakini hata yeye viza ilipokwisha alipanda ndege akaondoka, kisha akarudi mahali pale pale alipoishia. Na kule Caspian usiku alilala kwenye boti ya wasindikizaji. Sharti lake limedumu miaka yote hiyo kwa sababu lina mlango wa kutokea. Lako halina bado. Kama hutaki kipande cha Mahale kikose nyayo zako, kirudie mwaka mwingine na kibali mkononi, kuanzia Mgambo. Kitakuwa pale pale.

Kwa hiyo kabla hujatoka Tabora, kaa chini uandike masharti ambayo yakitimia utapanda boti au gari bila mjadala. Mimi ningeandika haya: homa inayozidi siku moja, kupinduka mara mbili, kukosa kibali, siku tano mfululizo za upepo chakula kikiwa kinaisha, habari ya msiba au ugonjwa nyumbani. Hilo la mwisho liandike kwa herufi kubwa. Ukipokea simu kwamba mama anaumwa, hutapiga kasia siku hiyo, utapanda chombo. Karatasi hiyo mpe ndugu mmoja mwenye kichwa kilichotulia, awe na haki ya kukusomea kwenye simu.

Ndugu huyo huyo, siyo mama, ndiye awe mtu wako wa taarifa. Mpe orodha ya mialo: Ilagala, Sigunga, Herembe, Mgambo, Kalya, Ikola, Karema, Kabwe. Kila unapofika mtumie ujumbe, na mkubaliane kwamba kati ya Mgambo na Kalya kimya kinaweza kuwa kirefu kwa sababu ya mtandao. Mahali pengine kimya cha siku mbili kimfanye aanze kupiga simu kwa viongozi wa mialo, ambao namba zao umempa ukiwa njiani. Mama mwambie utafika kati ya mwisho wa Oktoba na wiki ya pili ya Novemba. Usimtajie siku. Ukimtajia Jumamosi, Ijumaa utaingia kwenye maji ambayo usingeyaingia, kwa sababu unamwona amesimama ufukoni.

Ukishapita Karema uko kwenye ufuko unaofanana na wa kwenu, na Kabwe watu wataanza kukuuliza ukoo wako. Hapo ongeza umakini. Maji ya Kirando na visiwa vya Kipili unayajua kwa kukaa kwenye boti za wengine, zenye injini na watu wengi. Kwenye mtumbwi wa mita nne, peke yako, ni maji mapya. Usiku wa mwisho ulale mwalo wa karibu hata kama taa za Kirando zinaonekana na jua bado halijazama. Kesho saa tatu asubuhi utakuwa umefika, na watu watakuwa macho wakupokee.

Mtumbwi usiuhurumie, uuze au mpe mpwa wako, ila utoe madumu kwanza umfundishe yanavyofungwa. Maji ya kunywa njia nzima uyachemshe au uyatibu, maana kipindupindu kimewahi kusumbua mialo hiyo mara nyingi. Na baada ya wiki sita hadi nane tangu utoke majini, nenda kituo cha afya upime kichocho, choo na mkojo vyote viwili, hata kama hujisikii chochote. Homa ikikushika mapema kuliko hapo, au kichwa kikiuma kisiache, au ukiona kidonda mahali ulipoumwa na mdudu, usikubali kupimwa malaria peke yake. Mwambie daktari kwamba ulipita kwa miguu pori la Kaliua na Uvinza penye ndorobo, akuangalie damu kwa ajili ya malale. Mwambie wewe mwenyewe, kwa sababu Kirando hakuna atakayekisia kwamba ulikuja kwa njia hiyo.